Jiwe Lililopanda Shambani kwa Baba

Bi. Pelkey alizipanga insha zetu kumi na moja juu ya meza yake, majina ameyafunika kwa karatasi, akaniambia nichague yangu. Nikasoma ya kwanza: baridi ya alfajiri, vidole vimekufa ganzi, funzo la kufanya kazi kwa bidii. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaijua ni yangu, nikaidaka. Kumbe ni ya Thaddeus Michaud, ambaye msimu mzima wa mavuno hulala kwenye lori la baba yake. Uso uliniwaka moto.

Huku Aroostook, wilaya ya wakulima wa viazi, shule hufungwa wiki tatu kila vuli ili watoto tukavune viazi, basi kila anayeomba chuo anaandika viazi. Bi. Pelkey, ambaye kazi yake shuleni ni kutusaidia na maombi hayo, alisema msomaji wa chuo husoma insha za wilaya yetu zote kwa mchana mmoja, na akifika ya nne anatamani wali. Akaniuliza: nikifuta jina langu nikaandika la Thaddeus, kuna kitakachoharibika? Nilimjibu kwa hasira kwamba mimi sikulala kwenye lori. Akasema insha haionyeshi hilo.

Ukweli ni kwamba alinishika pabaya. Kati ya vyuo vyote nilikitaka kimoja tu, kwa sababu ndicho chenye mwalimu anayechunguza ardhi inavyofanya inapoganda. Insha kubwa, ile ya viazi inayokwenda vyuo vyote, nilikuwa nimeimaliza. Ila chuo hiki kilitaka pia insha ya nyongeza, na swali lake lilikuwa fupi: tueleze jambo ambalo hukuweza kuacha kujiuliza. Maneno yasizidi mia mbili na hamsini. Mwisho tarehe mosi Novemba, zimebaki siku tisa.

Na jambo hilo ninalo. Nilikwepa kuliandika kwa sababu ni siri, na siri yenyewe ni ya aibu.

Kila mwaka tunatoa mawe shambani kwetu, na kila mwaka yanarudi. Baba, Rosaire Cyr, husema shamba linazaa mawe, basi, yeye kamaliza. Mimi sikumaliza. Nilipokuwa na miaka kumi na nne nilichukua mawe kumi na mawili, nikayapaka rangi ya manjano, nikayazika shambani, upande wa kilimani, kila moja kwa kina nilichokiandika daftarini. Hebu fikiria: ukoo mzima umevunja migongo kutoa mawe, mimi nayarudisha. Nilitaka kujua kama barafu ya chini ndiyo inayoyasukuma juu.

Vuli ya mwaka jana nilikuwa juu ya mashine ya kuvunia, nimesimama kwenye mkanda unaopandisha viazi. Kazi yetu pale ni kutoa mawe kabla hayajafika kwenye mnyororo. Ng'ambo ya mkanda, tukitazamana, alisimama Mzee Lucien Gagnon, mtu wa misimu kumi na tisa kwa Baba. Mara nikaona jiwe linapanda upande wangu, kubwa kama mkate, na penye tope lililobanduka pana rangi ya manjano. Lilikuwa langu. Lilikuwa limepanda lenyewe, gizani huko chini, kwa majira mawili tu ya baridi. Nilifurahi mpaka mikono ikasahau kazi yake. Jiwe likapita, mnyororo ukakatika.

Kabla Baba hajashuka kwenye trekta iliyotuvuta, nilishalichomoa jiwe kwenye mnyororo nikalificha ndani ya koti. Alimwangalia Lucien, kwa kuwa Lucien ndiye mkubwa wetu pale juu, akamwambia mbele ya watu wote, "Kama huoni, kaa nyumbani." Mimi nikanyamaza. Vuli hii Lucien hakuja.

Nikaiandika yote. Siku nne niliandika na kukata, maana mia mbili na hamsini si kitu; ukisema shikamoo tu umeshatumia moja. Bi. Pelkey alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Alisema sasa hakuna jina jingine litakaloingia humu. Sentensi moja aliisifu sana, ile niliyosema ardhi ya kwetu hupumua polepole kuliko sisi. Nami niliipenda kupita zote.

Alitaka niitume siku ileile. Nikamwambia bado.

Jumamosi nilimsomea Baba jikoni, ployes, zile chapati zetu laini, zikipoa kwenye sahani yake. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza aliisukuma sahani pembeni. Kisha akaniuliza, "Hii unawapelekea watu usiowajua?"

Nikasema ndiyo.

"Aliyeumizwa anakaa maili mbili kutoka hapa, mwanangu. Yeye ataisikia lini?"

Nilijua jibu hata kabla hajauliza, ndiyo maana nilikuwa sijaituma. Nilivaa viatu nikaenda kwa miguu. Niliogopa, sitaki kudanganya, na mara mbili nilisimama barabarani nikajidai nafunga kamba za viatu.

Mzee Lucien alinikaribisha akanipa kiti. Nikasoma kwa sauti. Alisikiliza akitazama dirishani. Mwishoni aliomba nirudie pale jiwe lilipopita. Nikarudia.

"Lilikuwa upande wako," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Upande wangu. Nililiona nikaliacha."

Alifumba macho. "Mwaka mzima nimeamini macho yangu yamekwisha. Gari siendeshi usiku. Bunduki ya kuwindia nimempa mpwa wangu, nisije nikampiga mtu. Mwaka mzima, binti."

Nikalia. Nilimwomba msamaha, nikamwambia akitaka naweza kuifuta insha yote, nisahau chuo. Hapo ndipo alipokasirika.

"Usifute kitu. Ukifuta, nani atajua? Ila humo umeniita mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi gani? Mimi nina jina. Liandike lote."

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya kompyuta. Insha ilikuwa na maneno mia mbili na hamsini kamili, hata moja zaidi halikuwa na nafasi. "Mfanyakazi mmoja" likatoka, Lucien Gagnon akaingia, hapo hesabu ikabaki ileile. Lakini jina peke yake halikutosha. Msomaji lazima ajue kwamba alilaumiwa bila kosa, kwamba alikuwa mvunaji bora kwetu, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Nikatafuta pa kukata. Nikaifuta ile sentensi ya ardhi kupumua, yote, na wala sikuinakili pembeni.

Nikamwita Baba asome kabla sijatuma. Aliinama akasoma polepole, akafika kwenye jina, akalirudia kwa midomo bila sauti. Nikabonyeza. Nilipogeuka alikuwa ameshavaa koti, anatafuta funguo za gari, anakwenda kwa Lucien.