Nukta ya Nane

Asubuhi ya ukaguzi, mwalimu wa kemia alipangusa makabati matupu ya maabara, akayaacha wazi makusudi. Chupa, mizani na mirija vilikuwa vimehamia shule binafsi ya mkuu wa shule, ng'ambo ya barabara. Alitaka mkaguzi auone utupu ule kwa macho yake.

Mkuu aliingia, akayafunga.

"Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Wanafunzi wana mtihani wa vitendo, Mkuu. Waje kushika mrija siku hiyohiyo kwa mara ya kwanza?"

"Chaki si inafanya kazi? Shida iko wapi?"

Chaki ilifanya kazi kweli. Vifaa vilipoondoka, ubao ulishika nafasi yake. Ukiandika Na, yaani sodiamu, ukaiwekea nukta moja kwa elektroni yake moja ya nje, halafu pembeni ukachora Cl, yaani klorini, na nukta zake saba, nukta ya sodiamu ilihama yenyewe. Klorini ikatimiza nane, chumvi ikadondoka chini ya ubao. Wapishi wa shule walikuja kuichota kwa kikombe.

Ila klorini ilitaka kuchungwa. Ikiachwa na saba zake bila jirani wa kuipa, ilichukua kiduara chochote kilichokuwa karibu. Ilikwishachukua kifungo cha shati la kiranja na hereni ya mwalimu mwenyewe. Ikishatimiza nane, hairudishi. Kwa hiyo darasa lilikuwa na sheria moja: sodiamu kwanza.

"Mchoyo kama klorini we!" wanafunzi walitupiana wakinyimana kalamu.

Wanafunzi walipoketi maabarani, mkaguzi aliingia, mtu mpole mwenye haraka. Alimnyooshea kidole binti wa dawati la mbele, ambaye mwalimu alimzaa mwenyewe.

"Wewe mrefu, njoo utuchoree klorini."

"Sodiamu kwanza," mwalimu alisema.

"Usimpe majibu, Mwalimu. Nimesema klorini."

Binti aliandika Cl. Mwalimu alisogea, mkuu akamkingia njia, akitabasamu kwa ajili ya mgeni. Binti aliweka nukta moja juu, moja kulia, moja chini, moja kushoto, kama alivyofundishwa, kisha akaanza kuziwekea za pili kando yake. Kwenye ya sita alisita, akamtazama mama yake.

"Mkuu, nipishe."

"Tulia. Mtoto anajua."

"Malizia, binti," alisema mkaguzi. "Bado nina shule mbili."

Mwalimu alimsukuma mkuu kwa bega, akanyakua chaki, akaandika Na. Chaki ilimvunjikia mkononi kabla ya nukta. Binti aliweka ya saba.

Klorini ilichukua mboni ya jicho lake la kushoto.

"Mama," alisema, ingawa darasani humwita mwalimu. Hakulia. Jicho lilibaki kahawia tupu, bila weusi wa katikati.

Mkaguzi alihesabu ubaoni. "Nane. Imetimia. Safi sana."

"Imechukua jicho la mwanangu," mwalimu alisema. "Tunachora kwa sababu vifaa vyetu vimeibwa. Fungua makabati hayo uone."

Mkaguzi aliyafungua. Alipitisha kidole kwenye rafu, akakitazama. "Hata vumbi hamna," alisema, na akampa mkuu mkono wa pongezi. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba maabara inajitosheleza na haihitaji kuongezewa kitu.

Upande ule wa ubao haukufutwa tena. Jua lilipoingia, nukta ya nane ilisinyaa. Wingu likipita, ilitanuka. Mkuu alipokuja na kitambaa, mwalimu alimpokonya.

Binti aliendelea kuona kwa jicho lile, ila sasa aliona kutokea ubaoni: visogo vya wenzake wa nyuma wakigeuka kupiga soga, dirisha, barabara, na ng'ambo yake chumba chenye rafu zilizojaa.

"Wametoa mizani yetu," alisema wiki iliyofuata, katikati ya kipindi.

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Wanaanza na nini?"

"Wanapima chupa tupu kwanza."

"Haya, andikeni," mwalimu aliwaambia wengine. "Na wewe mwanangu, usipepese. Taja polepole."