Uzi wa Zambarau Kwenye Waya

Mjukuu wangu ni mkunga. Jumatatu ile alitakiwa kuanza kazi mpya ya kuwafuata majumbani akina mama waliojifungua, upande wa pili wa kilima. Barabara ya kwenda huko ina kona saba na malori yasiyojua kupunguza mwendo. Babu yake, yaani mume wangu, alimwahidi gari letu.

"Chukua tu, mchumba," alimwambia. "Siku hizi safari zangu ni za kutoka kitandani kwenda kwenye kiti."

Shida ni kwamba gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa wa kuzimika. Halikuzimika kila siku. Liliweza kukaa hata wiki mbili likitembea vizuri kama jipya, halafu siku moja linakata katikati ya barabara, na baada ya dakika tano linawaka tena kama vile halijafanya kitu. Siku chache kabla ya Jumatatu hiyo lilimzimikia mjukuu wangu kwenye kona ya tatu, akiwa analijaribu. Lori lilikuwa nyuma yake. Dereva wa lori alikata usukani, akampita kwa nafasi ya kiganja.

Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akazisukuma funguo za gari mbali naye mezani.

"Bibi, halikukohoa wala halikutetemeka," alisema. "Lilinyamaza tu."

Mume wangu alisikia akiwa sebuleni. Nilimwona tu anasugua magoti yake, kama afanyavyo akiwa na jambo.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi magari miaka thelathini na zaidi, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na macho yakaingia ukungu. Kwa hiyo ugonjwa wa gari lile aliujua. Alituelezea kwamba pembeni ya injini kuna kidude kinaitwa sensa, ambacho kazi yake ni kuipa injini habari za mzunguko wake. Habari zikikatika, injini inajizima. Mafundi wawili walishabadilisha sensa hiyo na gari likaendelea kuzimika, kwa sababu sensa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye soketi, ile plastiki inayoshika waya tatu na kuchomekwa kwenye sensa. Ilikuwa imepauka kwa joto, na ulimi wake wa kuibana umevunjika.

Jumamosi asubuhi tukamwita Fundi Taratibu.

Fundi Taratibu ni mama wa makamo mwenye gereji yake mwenyewe sasa, lakini kazi alijifunzia kwa mume wangu. Jina hilo alipewa na mume wangu huyo huyo enzi hizo, tena kwa kumkejeli, maana kila kitu alikikagua mara mbili wakati wateja wanangoja. Jina likamganda. Siku hizi limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gereji yake.

Alipofika na sanduku lake, boneti ilishafunguliwa. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gari, koleo mkononi, amechangamka kama bwana harusi.

"Nimekurahisishia kazi," alisema.

Fundi Taratibu akainama, akachungulia, akanyanyuka polepole.

"Mzee. Umekata soketi?"

"Nimekata. Si imeoza? Unganisha waya kwa waya, piga tepu, chai haijapoa umeshamaliza."

"Na kwenye kona ya tatu?"

Mume wangu akatazama koleo lake.

Fundi Taratibu hakumgombeza. Alitoa kwenye mfuko soketi mpya, iliyokuja na vipande vyake vya waya vitatu vifupi, akaiweka juu ya kitambaa safi. Kisha akavuta kigoda, akamwonyesha mume wangu.

"Kaa hapa Mzee, karibu na mimi. Nitakuwa nakuuliza."

Niliona alivyokiweka kigoda hicho. Hakukiweka nyuma wala kivulini, ambako wazee huwekwa ili wasisumbue. Alikiweka pale pale kwenye kazi.

Akafungua waya ya betri kwanza, halafu akaanza kuchambua. Chini ya vumbi kulikuwa na tepu, na chini ya tepu tepu nyingine, imeyeyuka na kugandana kama gundi. Alipomaliza kuibandua, akapiga mluzi mdogo.

"Hapa pamewahi kuunganishwa. Waya zote tatu zimeongezewa kipande, na vipande vyote ni vya bluu. Nani alifanya hii?"

"Yule fundi wa pale kituo cha mafuta," mume wangu akajibu haraka. "Mvivu sana yule."

"Kweli mvivu. Waya tatu, rangi moja, na zile za asili zimepauka zote! Sasa kwa kuwa soketi umeshaikata, nitajuaje ipi ilikuwa inakwenda wapi? Nikikosea, naunguza sensa. Au haiungui leo, inasubiri Jumatatu."

Mjukuu wangu alikuwa ameketi kizingitini akipaka kiwi viatu vyake vya kazi. Brashi ikasimama.

"Kwenye simu hakuna mchoro?" aliuliza.

"Ipo michoro miwili ya gari hili, mama, na haifanani."

Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nilipoinama kuweka sinia, ndipo nikauona. Kwenye kila waya ya bluu palikuwa na uzi umefungwa, umechakaa na kuingia grisi, lakini palipojikunja rangi yake ilikuwa bado inaonekana. Zambarau.

Uzi ule ulikuwa wangu. Mimi nilishona majoho ya kwaya arobaini na mawili kwa uzi ule, na mkebe wangu wa nyuzi hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiufungua zaidi ya mume wangu. Fundi wa kituo cha mafuta angeupata wapi?

Nikamtazama mume wangu. Naye akanitazama, halafu akahamisha macho. Nilisema moyoni, hili ni lake, aliseme mwenyewe. Nikamwagia watu chai.

Fundi Taratibu akachukua kisu kidogo. "Ngoja kwanza nisafishe huu uchafu," alisema, akakipeleka kwenye uzi wa kwanza.

"Acha!"

Sauti ilimtoka mume wangu kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Fundi Taratibu akabaki na kisu hewani.

"Usiutoe huo uzi. Si uchafu. Ni alama."

"Alama ya nini, Mzee?"

Mjukuu wetu alikuwa anamwangalia, kiatu kimoja mkononi.

"Fundo moja ni waya ya moto," alisema. "Mafundo mawili ni ya kurudisha umeme. Matatu ni ya habari. Yapo kwenye waya na yapo kwenye kile kipande nilichokikata. Utayakuta." Akaweka kikombe chini. "Nilifunga mimi. Si fundi wa kituo cha mafuta. Ni mimi."

Nilijua ni mara ngapi tumemsema vibaya fundi yule, maskini ya Mungu, na mume wangu akiitikia.

"Siku ya harusi ya shangazi yako," mume wangu akaendelea, sasa akimwambia mjukuu. "Panya alikuwa amekula waya. Nilikuwa na roli moja tu ya waya, ya bluu. Nikasema nitafunga hivi hivi, kesho nirudie vizuri. Kesho ikawa miaka kumi na moja."

Hapo na mimi ikabidi niseme.

"Na aliyekuwa amekaa ndani ya gari akipiga honi ni mimi," nikasema. "Nilipiga honi mpaka majirani wakatoka. Sikuuliza anafunga nini; nilimwambia, funga tu twende."

"Bibi!" mjukuu wangu akasema, na nusu yake kicheko. "Na kilemba kichwani?"

"Na kilemba kichwani."

Fundi Taratibu hakucheka. Alikuwa amekiokota chini kile kipande cha soketi kilichokatwa, akikigeuzageuza kwenye mwanga. Nilidhani anatafuta maneno ya kumfariji mzee. Hakutafuta.

"Mzee, kazi hii ilikuwa mbaya," alisema. "Ungeniona mimi nimeifanya, ungenifukuza."

"Ningekufukuza."

"Lakini hata ukipigiwa honi, ulimfikiria atakayekuja nyuma yako. Mafundo kwenye ncha zote mbili." Akampa tochi, kisha akaitazama mikono ya mzee, akaichukua tena tochi akaishika mwenyewe. "Macho achana nayo. Weka vidole. Nisomee."

Mume wangu akaingiza mkono. Vidole vyake vilitambaa kwenye waya, vikatulia. Mkono ule unaomwaga chai kila asubuhi ulikuwa umetulia kabisa.

"Mbili," alisema. Kisha, "Moja." Na mwisho, "Tatu. Hii ndiyo ya habari."

Fundi Taratibu akapima kila moja kwa mita yake, akahakikisha. Zilikuwa sawa. Ndipo akakata vipande vyote vya bluu na kuvitupa, akairudia waya ya asili mpaka pale shaba ilipong'aa. Hakuzikata urefu mmoja. Moja aliiacha fupi, nyingine ndefu kidogo, ya tatu ndefu zaidi.

"Kwa nini hazilingani?" mjukuu akauliza. Alishasogea, viatu amevisahau.

"Ili maungio yasikae ubavu kwa ubavu. Yakikaa pamoja yanavimba, na siku moja yanasuguana. Mpe nafasi kila mmoja, kama watoto kitandani."

Kila ungio alilibana kwa chuma, akalivuta kwa nguvu kuona kama litachomoka. Kisha akalifunika kwa kijimpira chembamba ambacho kikipata moto kinajibana chenyewe, maji yasiingie. Kijimpira hicho lazima kivishwe kabla ya kuunganisha. Alipofika kwenye waya ya tatu alibana, akavuta, akanyoosha mkono kuchukua kiberiti cha gesi, akakuta kijimpira bado kiko juu ya kitambaa.

Mume wangu alikigusa kwa kidole wakati ule ule.

"Taratibu leo amekimbia!" alisema, na meno yote nje.

"Ni wewe Mzee, unaniongelesha."

"Piga tepu basi. Nani atafungua aone?"

Ulikuwa utani, na sote tulijua ni utani, lakini Fundi Taratibu alimtazama sawasawa kabla ya kujibu.

"Wewe ungefungua," alisema. Akakata ungio lile zima, akavisha kijimpira, akaanza upya. Mume wangu akatikisa kichwa taratibu, juu chini, juu chini.

Ilifika adhuhuri ndipo waya zilipofungwa mahali pake, mbali na bomba la moshi. Soketi ilipoingia kwenye sensa ilisema *tak*, na Fundi Taratibu akasema sauti hiyo ndiyo risiti. Waya ya betri ikarudishwa, gari likawashwa. Akamwambia mume wangu azitikise waya injini ikiwa inanguruma. Alizitikisa, akazivuta, akazipinda. Injini haikubadili sauti.

"Tikisa zaidi, Babu," mjukuu wangu akasema. Uso wake ulikuwa bado haujakunjuka. "Tikisa kama lori linakuja."

Alitikisa mpaka jasho likamtoka. Gari likanguruma tu.

Baadaye wakaondoka wote wawili, Fundi Taratibu na mjukuu wangu, wakapanda kilima na kushuka mara tatu. Mume wangu hakuwafuata. Alichukua fimbo yake akaenda kituo cha mafuta, peke yake, akakaa huko muda mrefu. Sikumuuliza walichozungumza na yule fundi. Alirudi na mfuko wa machungwa aliopewa, na macho mekundu kidogo.

Jumatatu mjukuu wangu aliondoka saa moja. Tulipatana kwamba akifika ng'ambo atapiga simu. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, simu juu ya paja, akisugua magoti. Mimi nilishona mkono wa gauni nikaukuta nimeushona ndani nje, nikaufumua.

Saa tatu akashindwa, akapiga mwenyewe. Niliegesha sikio.

"Babu! Samahani, nimesahau," mjukuu akasema. Nyuma yake kulikuwa na kilio cha mtoto mchanga, kile kikavu cha wiki ya kwanza. "Nimefika zamani, niko nyumba ya pili sasa. Kuna mtoto hataki kunyonya."

"Na kona ya tatu?"

Kilio cha mtoto kikaendelea. Alikuwa anakumbuka.

"Sijui, Babu. Nimeipita. Nilikuwa nawaza huyu mtoto."

Mume wangu akafumba macho. Nimeishi naye miaka mingi, na sijawahi kumwona akifurahi hivyo kwa kazi ya fundi kusahaulika.

"Haya, mhudumie," alisema. "Na usikilize, mchumba. Jioni ukirudi, ukimkuta mtu bado anamalizia kazi yake, usimpigie honi."

Akakata simu, akanyoosha miguu, wala hakunitazama. Lakini nilijua anamsema nani.