Nati ya Nne

Jumamosi mchana Damiano alilaza gurudumu la nyuma la pikipiki yake juu ya gunia, uani mwa nyumba aliyopanga Musinzira, mjini Gitega, akaanza kufungua nati za sproketi. Meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno, na cheni iliruka kila alipopanda kilima na abiria.

Pikipiki hiyo alipewa na kaka yake Simoni mwaka aliorudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Simoni hakuwahi kukimbia. Alisema shamba la marehemu baba yao, kule Mwakiro, mkoani Muyinga, lilisombwa na mvua hadi kwenye mwamba, basi Damiano achukue pikipiki iwe fungu lake. Wakanywa pombe ya ndizi kwa mirija, mtungi mmoja, mbele ya bashingantahe, wazee wanaosuluhisha watu, na shauri likafungwa, maana aliyekunywa amekubali. Damiano hakwenda kulitazama shamba. Kuomba kulitazama kungekuwa kumwita kaka yake mwongo mbele ya mtungi. Lakini tangu siku ile kuna jambo lilimkereketa: kila walipoonana, Simoni aliulizia hali ya pikipiki kabla ya hali ya mama.

Nati zilikuwa zimeganda. Alizimwagia mafuta ya taa, akazigonga kwa nyundo, akavuta spana. Wapi! Jirani yake Abubakari, mchomeleaji, akaja na kipande cha bomba.

"We Damiano, unavuta kama unakamua ng'ombe! Kaza kidogo kwanza, kutu ivunjike, halafu urudishe. Mi naona hiyo nati iko na kitu inaficha."

"Nati ifiche nini, jirani?"

"Fungua, tutaona."

Damiano alichomeka bomba kwenye mkono wa spana, akakaza kidogo, akarudisha. Nati ikalia, ikalegea. Kwenye tundu ukaanza kumwagika udongo mweusi, taratibu, kama unga unaotoka mashineni. Mkewe Efrazia akaleta beseni, kisha karai, kisha akaacha umwagike tu na kwenda kuanua nguo.

Mama yake Damiano, Emiliana, alitoka ndani, akachota kiganja kimoja, akanusa.

"Huu ni wa upande wa juu, penye lile jiwe," alisema. "Tulikuwa tunapanda maharage."

Nati ya pili ilitoa udongo wa upande wa chini. Ya tatu ilitoa udongo pamoja na mche wa kahawa, mizizi yake bado ina vipande vya mfuko mweusi wa kitaluni.

Abubakari akaugeuzageuza. "Huu ni wa msimu huu. Mvua ikombe shamba lote, halafu ipande kahawa? Iko na akili, hiyo mvua."

Damiano akampigia Simoni.

"Kaka, nafungua sproketi. Udongo wa baba unatoka."

Simoni akauliza, "Nati zote?"

"Tatu. Ya nne inakataa."

"Hiyo iache, mdogo wangu. Usijisumbue."

Hapo ndipo Damiano alipoivalia njuga. Waliipasha moto kwa makaa ya jikoni, wakaning'inia wote wawili kwenye bomba, mpaka ikaachia. Udongo haukutoka. Ulitoka mrija, umelowa pombe, ncha yake imetafunwa. Damiano ana tabia ya kutafuna mirija. Efrazia aliutazama, akamtazama mumewe, akaenda kuinjika chai.

Jumatatu, sproketi mpya ikiwa imefungwa, alijaza udongo kwenye ndoo, akaenda nayo Mwakiro, ule mrija mfukoni. Shamba lilikuwa mahali pake, kijani, limejaa kahawa changa. Katika safu moja palikuwa na pengo la mche mmoja.

Bashingantahe waliusugua udongo vidoleni, wakakubali kwamba ni wa pale. Simoni naye akakubali, bila ubishi.

"Na mrija huu?" aliuliza mkubwa wao.

"Wangu," alisema Damiano.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

Wakamrudishia ndoo yake. Njia nzima ya kurudi Gitega cheni haikuruka hata mara moja.

Alimkuta Emiliana ameupanda ule mche uani, anaumwagilia kwa kikombe. Mwenye nyumba alikuwa amesimama kando yake, anauangalia udongo uliofika usawa wa dirisha. Alisema ni udongo mzuri. Akasema, kwa upole, kwamba kilichomo ndani ya ua wake ni chake.

Emiliana hakugeuka.

"Damiano," alisema, "niletee maji mengine."