Neno Lililokosa Uso

Wanawake wa mtaa wa kitajiri wa Daechi hawajui kuchemsha mchicha. Hilo Mi-ran alilijua kuliko mtu yeyote, maana duka lake la vitoweo lilikuwa chini ya ngazi za jengo la tuisheni, na walikuwa wakija mmoja mmoja, miwani myeusi usoni, kununua mchicha wake wa ufuta na figili zake za pilipili, kisha wakaenda kuvipakua kwenye sahani zao na kuwaambia waume zao wamepika. Mi-ran aliwafungia vizuri, akawainamia kwa shukrani, na walipotoka akacheka na beseni lake la kabichi.

Aliyemchekesha kuliko wote ni Mama Tae-gyeom. Huyu ndiye aliyeshika kikundi cha tuisheni cha watoto wao. Mtaani walimwita Mama Nguruwe, si kwa unene, alikuwa mwembamba kama ufito, ila kwa jinsi kina mama wengine walivyomfuata nyuma kama vitoto vya nguruwe vinavyotafuta chuchu. Yeye ndiye aliyempata Mwalimu Pyo wa kuwafundisha, yeye ndiye aliyesema nani akae na nani atoke. Bila kikundi chake, mtoto hawezi kuingia ile shule ya Kiingereza ya kisiwani Jeju. Ndivyo walivyoamini wote, na Mi-ran naye, pamoja na kicheko chake chote. Binti yake Da-on, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kiti humo, na kiti hicho Mi-ran alikipenda kuliko duka.

Mtihani wa kuingia shule ile haukuuliza Kiingereza cha kuombea maji. Ulitaka maneno mazito, yale ambayo Mwingereza mwenyewe huyatoa kabatini siku ya mazishi. Mwalimu Pyo alikuwa na njia yake: kila neno lipe uso. Usikariri maana, alisema. Tafuta mtu unayemjua, mvalishe neno kama kofia, hutalisahau.

Basi Da-on akawa anawavalisha. Jioni, akimsaidia mama yake kumenya vitunguu saumu, walichezea hilo.

"Mtu anayejisifia asichonacho," Mi-ran aliuliza, "umempa nani?"

"Mama Tae-gyeom."

"Anayependa kuamrisha wenziwe?"

"Mama Tae-gyeom."

"We mtoto! Na mwenye maneno matamu na roho chafu?"

"Ah, Mama, kofia zimemzidi. Na kichwa chenyewe kidogo."

Mi-ran alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na pilipili. Saa hizo alizipenda. Alijiona yeye na binti yake wako nyuma ya ukuta mmoja, wanawachungulia wajinga.

Neno moja tu lilikataa. Lilikuwa la mtu anayejikomba kwa wakubwa, mlamba viatu. Da-on alimvalisha Mama Yu-geon, yule aliyekuwa akimbebea Mama Tae-gyeom mkoba, lakini kila jaribio neno lilimponyoka.

"Mama Yu-geon ni mpole tu, namwonea huruma," alisema. "Kofia inadondoka."

Jaribio la vuli likamponza. Lilikuja neno lile, na mengine mawili matatu yakakimbia nalo kwa hofu, Da-on akawa wa mwisho. Na desturi ya kikundi ni hiyo: wa mwisho anatoka, kiti anapewa mwingine anayesubiri mlangoni. Mama Tae-gyeom alishuka mwenyewe dukani kuleta habari. Kwanza alichagua mizizi ya yungiyungi, akaonja na figili.

"Mama Da-on, usiumie," alisema akitafuna. "Si kila mtoto ni wa kisiwani. Wengine wana vipaji vya mikono." Akatupa jicho kwenye mabeseni. "Halafu hii figili leo chumvi imezidi."

Da-on alikuwa nyuma ya friji ya kioo, kisu mkononi, kaacha kumenya. Alimtazama mama yake macho yanang'aa, kama mtu aliyepata kiti cha mbele kwenye mchezo. Maneno yalikuwepo. Walikuwa wameyafanyia mazoezi mwaka mzima, jioni kwa jioni. Kilichobaki ni kuyatoa.

Mi-ran alivua glavu. Akaizunguka meza. Akainama mpaka ncha ya aproni ikagusa maji ya kabichi sakafuni.

"Dada," alisema. "Dada yangu, nisaidie."

Mi-ran alimzidi Mama Tae-gyeom miaka minne, na wote watatu walijua. Kumwita mdogo wako dada ni kama kumpa shikamoo mtoto uliyemfunga nepi. Hata Mama Tae-gyeom alishtuka, kisha akazoea upesi, kama paka anavyozoea mto.

"Dada tena? Si mimi mdogo kwako?"

"Ukubwa si miaka, Dada, ukubwa ni akili. Mimi muuza kabichi najua nini? Wewe ndiye mama wa watoto wote hawa. Na chumvi nimezidisha kweli, mkono wangu mbovu. Nitakuletea nyingine nyumbani, kila wiki, wewe sema tu unataka nini."

Mama Tae-gyeom alifikiri, kidole kidevuni. "Mchicha. Na vile visamaki vidogo. Mume wangu anapenda sana ninavyovipika."

"Unavyovipika ni vitamu, Dada," alisema Mi-ran, na hakuinua kichwa.

Kiti kikarudi. Aliyetolewa badala ya Da-on ni Yu-geon, na mama yake akapita mbele ya duka mikono mitupu, hana hata mkoba wa kumbebea mtu. Mi-ran alijifanya anapanga makopo.

Jioni ile alisogeza kapu la vitunguu saumu, akajitia uchangamfu. "Haya, leo hatumvalishi mtu?"

"Nimeshayajua yote," Da-on alijibu.

"Hata lile lililokushinda?"

"Hata lile."

Akaendelea kumenya, mgongo kaugeuzia friji. Kuanzia hapo hakukosa neno hata moja, na Mwalimu Pyo alimsifu mbele ya kina mama, na Mi-ran akawa akipeleka visamaki kila wiki kwa mlango wa nyuma.

Msomaji asiwekwe roho juu: mtoto alifaulu. Lakini siku ya mtihani hilo halikujulikana bado. Mi-ran alisimama getini na mfuko wa peremende ya kimea, ile inayonata, ambayo watahiniwa hulishwa ili nafasi iwagande. Asubuhi Da-on alikuwa ameikataa. Sasa alitoka wa kwanza, hana haraka.

"Vipi, mwanangu? Yalikuwa magumu?"

"Lile neno limekuja."

"La mlamba viatu? Ukalikumbuka?"

"Hata sikufikiri. Uso ulikuja wenyewe."

Mi-ran alicheka kidogo, akatazama kama kuna anayesikia. "Uso wa nani? Wa Mama Yu-geon?"

Da-on aliingiza mkono kwenye ule mfuko wa mama yake, akachagua kipande kikubwa cha peremende, akakitia mdomoni chote. Meno yakagandana. Akatafuna taratibu, akimtazama mama yake kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kama mteja anavyoitazama figili iliyozidi chumvi.