Mashine ya Sulait Iliyofaulu Hesabu

Katika vita vya themanini na sita, askari waliokuwa wakikimbia walipopita Jinja, kuna watu waliookoa watoto na kuna waliookoa wazee. Sulait aliokoa vitanda vya bweni, taipureta na kalkuleta moja. Alipohamia Mbale kufungua duka alikuja na vyote alivyookoa, akawa mtu wa heshima. Mtu mwenye moyo wa kuokoa namna hiyo, utamnyimaje binti?

Binti mwenyewe alikuwa mjukuu wangu Hajarah. Baba yake aliondoka na vita vya sabini na tisa, hakurudi. Akabaki chini ya mwanangu mwingine, Adrisi, aliyekuwa karani wa stoo kambini Kimaka na ambaye mpaka leo huagiza chai kana kwamba jeshi zima lina kiu. Tulikuwa tumebanana mtaa wa Namatala, hapo hapo Mbale. Hajarah alitaka uuguzi. Adrisi alimtaka Sulait. Wakakubaliana: msichana akifaulu hesabu katika mtihani wa Sinia Foo, ule wa kumaliza kidato cha nne, aende chuo, akianguka, aolewe.

Sulait, kwa wema wake, akaleta ile kalkuleta.

"Asihangaike," alisema. "Hii itamtafutia x."

Adrisi aliipokea kwa mikono miwili. Akavuta daftari la Hajarah, akakuta swali: 5(x − 2) = 3x + 8. Akabonyeza, akabonyeza, tarakimu moja nyekundu ikawaka.

"x ni sifuri," akatangaza.

"Ami, hebu weka sifuri mahali pa x," Hajarah alisema taratibu. "Upande huu unapata hasi kumi, ule unapata nane. Hazilingani."

"Hiyo ni betri."

"Betri haina kosa, ami. Mashine inajumlisha na kuzidisha tu, x haiijui. Lazima niitoe kwa mkono: nafungua mabano, x zote naziweka upande mmoja, namba upande mwingine. Ni tisa."

Adrisi akanigeukia. "Umeona, mama? Haijamaliza hata saa moja humu ndani, imeshamfundisha."

Tangu siku hiyo, kwa kuwa mashine ipo, kusoma kukawa kupoteza wakati. Hajarah aache daftari, atwange, afue, ampelekee Sulait chakula dukani. Mimi niliishia darasa la nne, x sikuwahi kukutana nayo, lakini nyumba inayomtayarisha msichana aanguke naijua nikiiona.

"Adrisi," nikamwambia, "betri za mkwe wako zimechoka."

Betri mpya zilikuwa adimu wakati ule, hata dukani kwa Sulait, na kila mtu alijua dawa ya zilizochoka: unazianika juani mpaka nguvu zirudi.

"Zianike basi."

"Na kuku? Na mbuzi wa Nafuna hapo jirani? Na hawa vijana wa Namatala wasiopitwa na kitu? Zikipotea utamwambia nini Sulait?"

Akafikiri. Kufikiri kwake huchukua muda.

"Hajarah azilinde."

"Kutwa nzima?" nikauliza, kwa huzuni.

"Kutwa nzima. Na kesho pia."

Hivyo mjukuu wangu akakaa pembeni ya mkeka wa mihogo, betri zimepangwa kama wagonjwa wanaoota jua, yeye akiandika hesabu juu ya karatasi za kufungia sukari. Adrisi alipouliza anaandika nini, nikamwambia anaizoesha mashine.

"Ndiyo," akasema. "Hata kule stoo ya jeshi, mashine tulizizoesha."

Siku ya mtihani mvua ilishuka kutoka mlima Wanale tangu alfajiri. Kalkuleta iliwaka kwenye swali la kwanza, ikazimika, ikabaki kazi yake ni kuzuia karatasi zisipeperuke. Hajarah akafanya yote kwa mkono, kila x aliyoipata akiirudisha kwenye swali kuona kama pande mbili zinalingana.

Majibu yakatoka. Amefaulu, tena vizuri.

Sulait akaja na kanzu iliyopigwa pasi na mzee Bakhit wa kumsemea.

"Tuseme kweli," Sulait alisema. "Iliyofaulu ni mashine yangu. Hajarah peke yake angeanguka. Kwa hiyo, kwa haki, ameanguka."

Adrisi akaitikia kwa kichwa. "Kuna maana hapo."

Hajarah aliweka chini sinia la chai. Aliandika swali jipya, akampa Sulait pamoja na kalkuleta yake. "Itie betri mpya kutoka dukani kwako. Halafu ijibu, mimi sisemi neno."

Sulait alituma mtu dukani, betri zikaletwa, akabonyeza. Akaipigapiga kwenye goti. Akabonyeza tena. Chai ya mzee Bakhit ikapoa, mzee akainywa hivyohivyo, akitazama.

"Sulait, mwanangu," nikasema, "kama ndiyo iliyofaulu, ioe hiyo. Haili sana."

Mzee Bakhit alipaliwa na chai. Alicheka mpaka akavua kofia kujifuta macho. Mposaji aliyechekwa na msemaji wake mwenyewe hana pa kuanzia tena. Sulait akaaga.

Hajarah alipokwenda Jinja kuanza uuguzi, tulimsindikiza stendi. Adrisi alijitwika sanduku, akimweleza kila aliyesimama karibu kwamba hesabu ni damu ya ukoo wetu, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Hajarah akanitazama nimjibu ami yake. Nikamwacha aseme. Sanduku lilikuwa zito, na tulikuwa hatujafika kwenye basi.