Paja Lisilokatwa

Kwii, kwii. Plastiki ilibanwa mara mbili jikoni, gizani, kisha kimya.

Jua lilikuwa limezama sasa hivi, na umeme haukuwepo, kama jana na juzi. Chumbani, Jeanine alikuwa akimvisha binti yake Aurore sweta kwa kupapasa. Aliisikia ile sauti, akadhani mama mkwe anamimina mafuta. Angeweza kuuliza. Lakini siku hiyo alikuwa amepandisha mabidoni ya maji kutoka ziwani, mlima wote ule wa Muhumba, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka, na kuuliza nako ni kazi.

Jikoni kulikuwa na paja la nguruwe. Maman Madeleine, mama yake Raphaël mume wa Jeanine, alikuwa amekimbia kijiji cha Miti vita ilipofika shambani kwake, akaja mjini na nguruwe mmoja akimvuta kwa kamba. Asubuhi hiyo walimchinja, kabla askari hawajamsikia akilia. Nyama nyingine waligawia majirani, nyingine ikapikwa. Paja la nyuma likabaki zima, na ilibidi libaki zima. Katika ukoo wa Raphaël, paja halikatwi mpaka mwenye nyumba awe ameketi mezani. Mara moja tu Maman Madeleine alilikata bila mwenyewe, nayo ilikuwa siku ya matanga ya mume wake.

Raphaël hakuwa mezani. Mwalimu asiyelipwa, alikuwa ameshuka bondeni, Luberizi, kutafuta mchele wa kuja kuuza, na barabara ikafungwa nyuma yake. Kila aliyepanda kutoka bondeni, Jeanine alimwuliza, na kila mmoja alimjibu kwa huruma kwamba hakumwona. Huruma ile ndiyo iliyomchosha kuliko mabidoni.

Basi paja lingemngojea. Ila paja lenye mfupa, ukiliacha kwenye moshi hivi hivi, hukauka nje likapendeza, na huku ndani, pale nyama inaposhikana na mfupa, linaoza taratibu. Hayo Jeanine aliyasikia kwenye masomo ya jioni ya akina mama, parokiani. Dawa yake ni maji ya chumvi, yapigwe kwa sindano hadi mfupani kabla ya moshi. Kwa hiyo mchana alichemsha maji na chumvi, akayafunika yapoe, akaenda kwa jirani yake Bintu, muuguzi, akaomba sindano mpya iliyo bado ndani ya karatasi yake. Ile aliyokuja nayo mama mkwe kutoka Miti ilikuwa ya dawa ya minyoo ya nguruwe. Hiyo aliitupa chooni huku mama mkwe akiisikitikia.

Sasa aliingia jikoni na kibatari, Aurore nyuma yake akishikilia kitenge chake. Maman Madeleine alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza kazi.

Jeanine alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alichota maji ya chumvi kidogo, akayatia kwenye kikombe kilichochemshwa, maana sindano iliyoingia nyamani hairudi kwenye sufuria. Akavuta, akachoma kando ya mfupa, akasukuma polepole huku akiitoa, ili maji yasikae mahali pamoja. Nyama ilivimba kidogo chini ya kidole chake. Akasogea, akachoma tena.

"Nguruwe imekufa, wewe unaipiga shindano," Maman Madeleine alisema. "Unataka ipone?"

"Nataka isiumwe, maman."

"Bwana yangu alikula nyama ya moshi maisha yake yote, na hakuna nyama hata moja iliyopelekwa kwa munganga."

Aurore alicheka, na Jeanine naye akacheka kidogo. Ilikuwa vizuri kumsikia mama huyu akitania. Tangu afike alikuwa akisali tu na kutazama mlango.

Paja lilipokaribia kujaa, Jeanine aliinamisha sufuria kuchota kikombe cha mwisho. Kibatari kilikuwa karibu. Ndani ya maji, kitu kilielea: uzi mwembamba wa kijani, unateleza kama ute. Aliutoa kwa kidole. Mwingine ulikuwa chini yake.

Akakumbuka ile kwii, kwii.

"Maman. Uliweka nini humu?"

Mama mkwe hakuficha. Alitoa kichupa cha plastiki mfukoni, kile cha dawa ya kikohozi, kitupu na kimebonyea. "Maji ya baraka. Ile ya Pasaka. Nyama iko ya Raphaël, ile maji itamurudisha. Nilisema nitaongeza tu kidogo, kisha nikasema, juu ya nini nibakishe?"

Maji ya Pasaka, na sasa mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza. Miezi yote hiyo yalikuwa dirishani, nyuma ya picha ya Bikira, yakipigwa na jua. Gizani mama hakuona rangi yake. Na Jeanine, kwa mkono wake mwenyewe uliooshwa vizuri, alikuwa ameyasukuma hadi mfupani.

Aliketi chini, sakafuni palepale. Alitaka kulala, sindano mkononi, mpaka mtu mwingine aje aamue.

"Tuitundike tu," Maman Madeleine alisema. "Padiri aliibariki."

"Baraka iko safi, maman. Chupa njo iko chafu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ikikaa nzima, itaoza mu mfupa, na hatutaona. Lazima tuikate sasa hivi. Tuichemushe yote kabisa, kisha vipande vyembamba viende ku moshi."

Maman Madeleine alisimama. Kivuli chake kilijaa ukutani. "Unajua kukata ni kusema nini."

"Najua."

"Basi usiseme. Si uko muke yake? Wewe wa kwanza unamuzika?"

Hilo lilimwingia Jeanine mahali ambapo alikuwa amechoka zaidi. Hakulia. Alimvuta Aurore, akampakata, akanusa nywele zake zenye moshi.

"Maman, mimi njo niliomba hii shindano, juu paja ibaki nzima. Nilikuwa natazama ile mulango kuliko wewe. Lakini kesho kutwa Raphaël akifika na njaa ya safari, tumupe nini? Harufu? Na huyu, tumupe harufu mbele ya baba yake arudi?"

Mvua ilianza juu ya mabati, nyepesi. Maman Madeleine aligeuza kile kichupa mkononi, akakisogeza kwenye kibatari, akatazama ndani. Alitazama kwa muda. Kisha akakiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Lete kisu," alisema. "Si ile ya muhogo. Ile kubwa. Na ongeza moto, hii kazi yako ya masomo inakula makaa."

Alikata mwenyewe. Kisu kilipogusa mfupa alifumba macho, midomo ikimtembea, kisha akaendelea. Maji yalitiririka kutoka kwenye nyama, yakaingia kwenye beseni. Jeanine alipokea vipande na kuvitia kwenye sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota, mfupa nao, na chumvi safi. Vilichemka sana, mpaka kioo cha dirisha kikalowa. Kisha wakavitoa na kuvipanga kwenye waya juu ya moshi, viwili viwili, bega kwa bega, mama mkwe na mkamwana.

Kipande kinono kuliko vyote Maman Madeleine alikiweka katikati, peke yake, mahali pa mwenye nyumba. Akakipa nafasi pande zote, asijue kama wenzake wamemwona.

Aurore alikitazama kwa makini, akainua uso wake.

"Papa hapendake mafuta," alisema.