Mahali Penye Hewa

Iftin alichovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akakikamua kwa ncha za vidole, akaanza kuipangusa fremu kutoka pembeni kwenda katikati kama alivyofundishwa. Rangi ya kijani ililegea juu ya wavu wa hariri, ikawa maji maji, ikamchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Alipangusa tena. Machoni palimwasha lakini hakuweza kujifuta, maana mikono yote ilikuwa na thina.

Nyuma yake Mwalimu Faduma alikuwa akitembea kati ya meza mbili, mikono mgongoni, akiuliza maswali kwa Kiswahili. Msimamizi wa mtihani wa ufundi angetoka Nairobi baada ya Idi ya kuchinja, na huyo hangeuliza kwa Kisomali.

"Thina hutumiwa mahali gani?"

"Mahali benye hewa ya kutosha," akajibu Ugbad, ambaye alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango.

"Penye."

"Penye hewa ya kutosha, mwalimu."

"Na mlango?"

"Uwe wazi."

"Na madirisha?"

"Yawe wazi pia."

Hakuna aliyecheka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli, na dirisha, lililokuwa moja tu, lilikuwa limegongomelewa blanketi la kijivu pembe zote nne. Juu yao mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Jengo lenyewe lilikuwa stoo ya mahindi ya msaada zamani, na mpaka mwaka ule wa tisini na sita ukifagia pembeni ulikuwa bado unakuta punje. Kikundi cha akina mama wa mtaa wa Waberi kilikuwa kimempa Faduma stoo hiyo awafundishe wasichana kuchora maandishi na kuchapa picha kwenye vitambaa. Hakukuwa na darasa jingine kama hilo Garissa nzima.

Kufungwa kwa mlango kulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo haikuwa ya ubaya. Msichana akiinama juu ya rangi mbichi, shungi lake refu huburuta juu ya kazi na kuiharibu, na siku moja lilimpindulia Lul kopo zima la thina mapajani. Basi Faduma akaamuru mashungi yavuliwe na mikono ya nguo ikunjwe wakiwa kazini. Wazazi waliposikia, walisema sawa, lakini mwanamume asiwaone wakiwa vile. Wakamtafuta Mzee Mahat, mtu mzima anayeheshimika, akae nje alinde. Dirisha lilifunikwa baada ya vijana kukutwa wamepanda ukuta kuchungulia. Kila hatua ilifuata nyingine, na kila moja ilikuwa na akili ndani yake. Mwisho wake wasichana sita na mwalimu wao wakawa wanavuta pumzi moja, ikizunguka kutoka kifua hiki kwenda kile.

Ugbad aliinama zaidi. Kati ya mlango na sakafu palikuwa na upenyo wa upana wa vidole viwili, na yeye alijifanya anakunja vitambaa hapo huku ameuelekeza uso chini.

"Unanusa nini huko, abaayo, dada yangu?" Lul akamwuliza. Lul alikuwa na ulimi usiolala. "Umekuwa mbuzi?"

"Nanusa mchana unapita."

"Ukifika niambie. Mimi nilidhani umeshakufa."

Wasichana wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye kichwa kinachomuuma. Iftin hakucheka. Alijua anachokitafuta Ugbad pale chini. Ugbad alikuwa na mimba ya miezi minne.

Hakuna mwingine aliyejua. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika huko Rhamu, alikokuwa akiishi na mumewe Keynan, mfanyabiashara wa vitunguu. Baada ya hapo Keynan alimrudisha Garissa akapumzike kwa mama mkwe, naye akawa anakuja kumwona kila mwezi, na ni Keynan mwenyewe aliyemwombea nafasi ya darasa. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja: mimba ikiingia, darasa basi. Ugbad alitaka kile cheti. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, angeweza kuchora herufi bila rula na zikasimama wima kama askari. Kwa hiyo alificha, na Iftin aliyeambiwa alikuwa ameapa kwa Mungu kwamba hatatoboa siri.

Kiapo hicho sasa kilikuwa kimemfunga pande zote. Akisema, Ugbad atatolewa na kurudi kukaa jikoni kwa mama mkwe. Asiposema, kila siku Ugbad ataosha fremu katika moshi huu usioonekana. Iftin alikuwa amesoma maandishi kwenye debe la thina. Yalikuwa madogo na ya Kiingereza, lakini neno la wanawake wajawazito alilielewa.

"Ugbad," Faduma akaita, "njoo umalizie fremu ya pili. Kuosha ndiko kunakokushinda, na hapo ndipo utakapopoteza alama."

"Nitaosha mimi, mwalimu," Iftin akasema haraka.

"Jana uliosha wewe, na juzi. Mtihani utamfanyia?"

Ugbad aliinuka akishika ukuta. Alifika mezani, akachukua kitambaa, akakichovya. Alipangusa mara mbili. Kisha rangi ya uso wake ikabadilika, midomo ikawa kama ya mtu aliyekula majivu, akageuka upande asichafue kazi, akatapika. Alianguka kabla Iftin hajamfikia.

"Mlango," Faduma akasema. Hakupaza sauti. "Gongeni mlango."

Lul aligonga. Wengine walikuja wakagonga naye, kwa viganja, kisha kwa ubao wa fremu.

"Adeer Mahat! Ami Mahat!"

Ndipo wakasikia adhana ikimalizika mbali, na wote wakajua. Ilikuwa adhuhuri. Mzee Mahat alikuwa ameenda msikitini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wanaume wa mtaa mzima walikuwa huko pamoja naye.

Ni jambo geni kugonga mlango huku ukijua hakuna atakayekuja. Mkono wenyewe hukata tamaa kabla yako. Lul aliacha kugonga akakaa chini, akaanza kulia bila sauti, na aliyekuwa karibu naye akaanza pia. Kopo la thina lilikuwa bado wazi mezani. Iftin alilifunika. Kisha alipanda kwenye meza, akashika pembe ya blanketi la dirishani na kulivuta kwa uzito wake wote. Misumari miwili iling'oka, blanketi likachanika.

"Iftin, hatujavaa," mmoja akasema.

"Vaeni."

Dirisha lilikuwa dogo, lenye waya. Walimnyanyua Ugbad wakamwegemeza pale mpaka uso wake ukagusa waya. Nje kulikuwa na jua jeupe na barabara tupu. Upepo wa moto wenye vumbi uliingia, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

"Amekula leo?" Faduma akauliza.

Ugbad alimtazama Iftin. Akatikisa kichwa kidogo sana, na hakuwa akijibu swali la chakula. Iftin akamjibia.

"Sidhani amekula, mwalimu."

Walikaa hivyo mpaka kufuli likalia. Mzee Mahat alifungua mlango kisha akawapa mgongo papo hapo, kama alivyofanya siku zote, akazungumza akiitazama barabara.

"Nimeona blanketi. Kuna nini?"

"Adeer, msichana amezirai," Faduma akasema, akitoka nje huku akijifunga shungi. "Tumegonga."

"La hawla. Mimi nilikuwa naswali."

"Najua. Lakini kuanzia leo mlango huu usifungwe."

Mzee alikuna ndevu zake zilizotiwa hina. "Mwalimu, nilitoa neno langu. Baba zao walisimama pale mbele yangu. Huyu Jama, yule Duale, wote. Wakipita kesho wakaona mlango wazi na mabinti vichwa wazi, keshokutwa utafundisha meza."

"Na wakipita wakakuta maiti?"

"Mungu apishe mbali."

"Mimi nawafundisha kila siku wafungue mlango," Faduma akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nawafundisha nikiwa nimefungiwa nao. Nilisema tukipata cheti cha kwanza ndipo nitadai. Nikaogopa kunyang'anywa chumba."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na kweli hizo mbili zilikuwa zimesimama mlangoni pamoja, mtu asiweze kupita.

Iftin alikuwa amemkalisha Ugbad kivulini na kumpa maji. Alisikiliza mpaka wakamaliza.

"Adeer," akasema, "samahani. Baba zetu walikuambia ufunge mlango, au walikuambia tusionekane?"

Mahat alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli anapoulizwa. "Walisema msionekane."

"Hawakutaja kufuli?"

"Kufuli?" Alilitazama mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. "Hapana. Kufuli ni langu. Nilinunua mimi. Nina swala, nina haja zangu, na siwezi kukaa hapa kama jiwe. Nikiondoka nani analinda? Nikasema kufuli halisinzii."

Lul, macho bado mekundu, akanong'ona, "Na halisikii pia." Mzee alisikia. Hakumkemea.

Iftin alimfikiria bibi yake, ayeeyo aliyemlea huko Eldas ndani ya herio, ile nyumba ya mikeka ambayo wanawake huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Ukiwa ndani ya herio mchana, unamwona kila anayekuja, mpaka rangi ya viatu vyake, na yeye nje hakuoni. Ayeeyo alikuwa akikaa kichwa wazi akisukwa nywele, wageni wakipita hatua chache tu, na upepo ukipita katikati ya nyuzi kama hakuna ukuta. Hakuna mwanamume aliyewahi kusema bibi huyo hana heshima.

"Tukisimamisha mikeka ya herio mbele ya mlango," akasema polepole, "iwe mipana kuliko mlango, iache nafasi ya mtu kupita pembeni. Dirishani pia, badala ya blanketi. Hewa itapita. Macho hayatapita."

Faduma aliangalia mlango, kisha dirisha. "Upepo unatoka mtoni. Ungeingia huku utokee kule."

"Vumbi je?" mzee akauliza.

"Mkeka hunasa vumbi, adeer. Wewe si ulizaliwa humo?" Iftin akajibu.

Mahat alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema mke wake alikuwa na mkeka wa zamani uani, uliobaki walipohamia nyumba ya bati, na mbuzi walikuwa wakiulalia. Akaenda kuuleta, akasahau kwamba alikuwa ameshika kufuli.

Alasiri ile hawakuchapa tena. Walichimba mashimo mawili kwa panga, wakasimamisha miti ya mgunga, wakaufunga ule mkeka kwa kamba. Ulikuwa umeraruka upande mmoja na ulifunika nusu tu ya mlango. Uliobaki ulihitaji kufumwa. Punda wa kubeba maji alileta mzigo wa makuti ya mkoma kutoka mtoni, na Ugbad, ambaye uso wake ulikuwa umerudiwa na damu, alikaa chini ya ukuta akaanza kuyachana na kufuma. Vidole vyake vilijua kazi. Lul alifuma naye na kuharibu, akafumua, akaharibu tena.

"Hii yako ni wavu wa samaki," Ugbad akamwambia. "Wanaume watatuona mpaka ukoo."

Jua lilipoanza kuinama, Faduma alikuja akachuchumaa karibu yao, akamtuma Lul akafunike rangi. Iftin alitaka kuinuka pia, Ugbad akamshika kanzu.

"Mwalimu," Ugbad akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka. "Nilikula leo. Si njaa."

Faduma aliushika upande wa pili wa mkeka.

"Miezi minne."

Vidole vya Ugbad viliendelea, juu, chini, juu. Iftin aliona aibu na nafuu vikimjia pamoja.

"Fremu hutaosha tena," Faduma akasema. "Hata mlango ukiwa wazi. Utakata karatasi na kuchora, huku nje, nyuma ya mkeka."

"Na mtihani? Kuosha si kuko ndani ya mtihani?"

"Kuko."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Nitamwuliza msimamizi akija. Huenda akakataa."

"Na mama mkwe?"

"Atajua tumbo likimwambia. Kutoka kwangu hatasikia."

Ugbad aliitikia kwa kichwa. Halikuwa jibu alilolitaka, lakini alilipokea, akafuma mstari mmoja zaidi.

Mzee Mahat alitokea kutoka swala ya alasiri, akasimama barabarani mahali ambapo baba mmojawapo angesimama, akapindisha shingo huku na huku.

"Nusu hii sioni kitu," akasema. "Nusu hii naona meza yote, na kopo la kijani."

"Kesho mimi nakaa nusu ya kwanza," Lul akasema kutoka ndani.

"Kesho hakuna atakayekaa mpaka mkeka uishe," mzee akamjibu. "Jama hupita hapa saa nne."

Kufikia magharibi giza lilikuwa limeshaingia ndani ya stoo, na harufu ya thina ilikuwa bado imo, imeganda kwenye kuta. Wasichana walivaa mashungi yao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Iftin aliloweka makuti yaliyobaki kwenye ndoo ili asubuhi yawe laini, akayakandamiza kwa jiwe. Ugbad alikuwa bado ameketi. Alifika mwisho wa mstari, akatazama palipobaki, upana wa kama mikono miwili mpaka kwenye mti wa pili, akaupenyeza ukuti wake ndani ya sehemu iliyofumwa usifumuke, akauacha hapo.